Mvinje wa Chiriku

Mama Kijiti, binti wa mchimba visima aliyeshuka ardhini mara nyingi kuliko fuko na bado akafa kitandani mwake kwa uzee. Mjukuu wa mkunga ambaye mikono yake ilipokea nusu ya mtaa wetu. Mke wa kaka yangu, fundi cherehani. Mama wa watoto wawili, mmoja yu hai. Mpandikizaji wa miche katika kitalu cha miti tangu usichana mpaka magoti yalipomkatalia. Miti yake imesimama kando ya barabara kuu, nyuma ya hospitali, na juu ya kilima kile kilichokuwa uchi tulipokuwa wasichana. Alikuwa wifi yangu. Tumemzika, na udongo wa kaburi lake bado haujatulia.

Naandika kwa sababu nimesikia yanayosemwa bombani. Wanasema alipenda mti kuliko mjukuu wake, na kwamba mwanawe alilazimika kuukata kwa kumvizia, mama mtu akiwa hayupo nyumbani. Ulimi hauna mfupa. Wanaosema hivyo hawakuwapo, mimi nilikuwapo. Shule nilisoma ya msingi tu, lakini nililoliona nimeliona, na kichwa changu hakijaanza kuvuja.

Alipoletwa kwetu alikuwa mwembamba kama uzi. Nikamwambia mbele ya watu, "Wifi, kaka yangu ni mtu wa sindano, angalia asije akakupitisha tunduni." Akanijibu bila kuinua macho, "Heri nipite tunduni, wifi, kuliko kubaki huku nje na ulimi wako." Watu wakaangua kicheko, mama yangu akiwamo. Nikajua tumepata mtu.

Mimi ndiye niliyempeleka kitaluni. Mimi nilikuwa wa maji, natembea na kopo la kumwagilia kati ya matuta asubuhi na jioni. Yeye wakampa kazi ya kupandikiza. Mbegu za miti huoteshwa pamoja kwenye tuta, zikachipua kama manyoya ya kifaranga. Mche ukifika urefu wa kidole unatolewa mmoja mmoja, unahamishiwa kwenye kifuko cheusi cha plastiki chenye udongo, tunakiita kiriba. Unatoboa tundu kwa kijiti, unautumbukiza mzizi, unashindilia kwa vidole viwili. Ukiitazama utadhani ni kazi ya kitoto. Kijiti chake alikichonga mwenyewe, kikang'aa kwa jasho la mkono, na saa za mapumziko alikichomeka kwenye kilemba. Hakumwazima mtu. "Niombe mume," alikuwa akisema, "kijiti sikupi." Ndipo jina likamganda.

Siku moja akaja bwana miti, yule ofisa wa misitu, kutufundisha. Alikuwa mtu mpole, anayefuta miwani kila akitaka kusema. Alileta chupa ya mafuta ya kupikia yenye punje chache za mchele ndani. Akaisimamisha, mchele ukazama ukatua kwenye kitako. Akailaza, mchele ukateremka polepole ukatua ubavuni.

"Mzizi nao uko hivi," akasema. "Kwenye ncha kabisa una kofia, na ndani ya kofia mna vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye punje za wanga. Ukiulaza mche, punje zinaangukia upande ulio chini, na mzizi unahisi zilipotua. Basi upande ule wa chini unapunguza kukua, wa juu unaendelea, mzizi unapinda kuifuata ardhi. Shina nalo lina punje zake, ila lenyewe hufanya kinyume. Upande wa chini ndio unaorefuka haraka, likainua kichwa."

"Hata gizani?" mmoja wetu akauliza.

"Gizani ndiko uliko siku zote, dada. Na macho hauna."

"Basi umemshinda mume wangu," akasema Mama Kijiti. "Yeye taa inawaka na viatu vyake hajui viko wapi."

Tulicheka mpaka bwana miti akavua miwani. Lakini kicheko kilipokwisha ni yeye huyo huyo aliyeuliza swali la maana. "Na mtu akiusukuma kwa haraka, mzizi ukakunjika ndani ya tundu, ncha ikatazama juu?"

"Utageuka. Chini utapajua tu, utakwenda. Lakini pale ulipokunjwa patabaki pamekunjwa. Huku juu mche utapendeza, hutautofautisha na wenzake. Miaka ikipita, kile kiwiko kinanenepa, mizizi inajinyonga yenyewe, mti mzima unabebwa na mguu mbovu. Halafu unakuja upepo wa kawaida tu." Akakilaza kiganja chake juu ya meza, taratibu.

Msimamizi wetu akaongeza lake, "Mmesikia? Samaki mkunje angali mbichi, lakini mche msiukunje abadani."

Tangu siku hiyo Mama Kijiti akawa hana huruma. Alikuwa akiutumbukiza mche mpaka chini kuliko inavyotakiwa, kisha anauvuta juu kidogo ili mzizi unyooke, ndipo anashindilia. Na alikuwa akipita nyuma yetu, anang'oa mmoja hapa, mmoja pale, anautazama mguu. Uliokunjwa anautupa kwenye takataka.

"Nani kapanda huu?"

"Mimi, Mama Kijiti. Nilikuwa nawahi."

"Unawahi wapi? Mti huu utasimama mahali miaka na miaka. Unataka umwangukie mtoto wa mtu?"

Wakamchukia, wakamheshimu. Mambo hayo mawili hukaa chungu kimoja.

Mtoto wake wa kwanza ni wa kiume, siku hizi fundi bomba. Kisha kikapita kimya kirefu, tukadhani ameshafunga kizazi, ndipo akaja wa kike. Huyo tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena. Mimi ni shangazi yake. Nilimbeba, nilimsuka, nilimchapa mara moja akanicheka.

Chiriku aliposikia kwa mama yake habari za mzizi, akaomba harage. Akaliweka kwenye glasi pamoja na pamba yenye maji, likachipua. Kila akirudi shule anaigeuza glasi. Mzizi ukishuka, anaigeuza. Ukitafuta tena chini, anaigeuza. Ukawa kama herufi ya mtu aliyelewa. "Mama! Shangazi! Njooni muone, nimelichanganya akili!" Kaka yangu akaacha cherehani akaja kutazama. Mama yake akasema, "Hujalichanganya, mama. Wewe ndiye unayezungusha dunia. Lenyewe kila mara linapata chini." Chiriku akalionea huruma harage lake, akaacha kuigeuza.

Likizo ikafika, akawa anatufuata kitaluni. Asubuhi moja akamwomba mama yake kijiti. Sisi sote tulisubiri kuona, maana kile kijiti hakijawahi kushikwa na mtu. Mama Kijiti akakitoa kwenye kilemba akampa. Chiriku akachagua mche wa mvinje, mwembamba kama unywele, akatoboa tundu, akausukuma kwa kidole gumba kama mtu anayebonyeza kengele. Nilikuwa upande wa pili wa tuta na kopo langu. Niliona mzizi ukijikunja na ncha yake ikibaki inatazama juu kabla udongo haujafunika. Niliinua macho, nikakutana na macho ya wifi yangu. Naye alikuwa ameona.

"Nimepatia, mama?" Chiriku akauliza. Uso mzima ulikuwa meno.

Yule mwanamke aliyewaliza wenzake kwa mzizi uliopinda kidogo, akasema, "Umepatia, mama. Umepanda vizuri sana."

Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniambia pembeni, "Kesho nitaupanga upya, hata hatajua." Lakini kesho yake Chiriku alitangulia kufika, amechuchumaa mbele ya kiriba chake, anaumwagilia mche maji kwa kiganja. Ikawa hivyo kila siku. Leo, kesho, mpaka mzizi ukawa umekwisha kugeuka na kushuka, na ukiugusa unaukata. Likizo ilipoisha mche ulikuwa umefika gotini mwa mtoto. Akaubeba kifuani mpaka nyumbani, yeye na baba yake wakaupanda ubavuni mwa nyumba. Kwa macho ulikuwa mche mzuri kuliko yote niliyowahi kumwagilia.

Mvua zilizofuata, Chiriku alirudi kutoka shule akisema kichwa kinamuuma. Jioni shingo ikakakamaa. Kaka yangu alimbeba mgongoni mpaka hospitali, wifi akifuata nyuma ameshika viatu vya mtoto. Waliporudi, kaka yangu hakuwa na kitu mgongoni, na viatu bado vilikuwa mkononi mwa wifi. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Alikuwa bado hajang'oka meno yote ya utotoni.

Baada ya hapo nani angeugusa mti ule? Kaka yangu alihamishia cherehani chini yake ulipoanza kutoa kivuli. Mvinje una tabia ya kulia, hata upepo usiosogeza nguo kwenye kamba huutia sauti. Kaka yangu akawa anasema, "Msikilizeni Chiriku, leo ana mengi." Wifi akisikia hivyo anaingia ndani. Alikuwa akifagia majani yake yaliyo kama sindano, anayakusanya, anaondoka. Kukaa kivulini pale hakukaa hata siku moja. Majirani walidhani ni uchungu wa mtoto tu.

"Mwambie mumeo," nilimwambia siku moja.

"Nimwambie nini, wifi? Kwamba kitu pekee alichobakiziwa na mwanawe ni kibovu mguu, na mimi nilikiona siku ile ile nikakisifu? Mwache ashone."

Kaka yangu alishona mpaka mauti yalipomchukua, hajui. Simlaumu wifi. Wako watu wanaokufa wakijua kila kitu, na sijaona kimewasaidia nini.

Kijana wetu alipotaka kuoa akaamua kuongeza chumba. Mama yake akamwambia, "Jenga upande wa pili."

"Upande wa pili kuna shimo la choo, mama."

"Basi usijenge."

"Nioe nikalale wapi, juu ya paa?"

Sababu hakuitoa. Chumba kikajengwa chini ya mvinje, na dirisha lake likitazama shina.

Mkamwana alipokuja tulimpenda. Msichana wa maneno machache, mikono yenye nguvu, anapiga pasi kwa dobi, na nguo nyingine analeta kuzipigia nyumbani. Mwaka aliopata mimba, mvua zilinyesha za kuchosha. Ardhi ikalainika, na asubuhi moja tukakuta mvinje umeinama kuelekea paa la chumba kile. Haukuanguka. Tulipoingia kiangazi, kilele kikaanza kujirudi, kikapinda kidogo kidogo mpaka kikatazama juu tena. Majirani wakashangilia. "Mama Kijiti, mti wako una akili! Umejinyoosha wenyewe!"

Akaniambia mimi peke yangu, "Kilichonyooka ni kilele, wifi. Kichanga kile, bado kinaweza. Shina limeshakuwa gumu, limelala vile vile lilivyolala."

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamlaza chumbani mle. Hapo kijana akaja kwa mama yake. Nilikuwa nimekaa naye tunachambua maharage.

"Mama, mti huu naukata."

"Ukate na mimi nikiwa juu yake."

"Utapandaje na magoti hayo, mama?"

Akacheka. Alicheka kweli, akajifuta macho kwa upindo wa khanga, na mkono ule haukuteremka tena kutoka usoni. Mwanawe akasimama pale kama mtoto aliyevunja sahani. Kesho yake akaleta nguzo, akautegemeza mti nazo, ukawa kama mzee mwenye mikongojo. Maneno yakaishia hapo.

Yakaishia kwao. Mkamwana yeye alikuwa na njia yake. Mvinje ukianza kulia, anambeba mtoto na godoro lake dogo, anavuka sebule, anamlaza nyuma ya kiti cha mama mkwe. Hasemi kitu. Sauti ikitulia, anamrudisha. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na wifi yangu alimwona kuliko mimi, kwa kuwa ni nyuma ya kiti chake mtoto alipolazwa. Alikuwa akitazama mbele tu.

Kabla ya msimu wa pepo, alasiri moja, tulikuwa sote wawili sebuleni. Mkamwana alikuwa anapiga pasi barazani. Ghafla tukasikia kishindo, na yeye akapita mbele yetu mbio, akaingia chumbani, akatoka na mtoto amemkumbatia kichwa chini ya kidevu chake. Kule barazani moshi unapanda, pasi ameiacha juu ya shati la mteja, inaunguza. Niliinuka nikaenda kuiondoa. Nilitazama nje. Hapakuwa na upepo. Mvinje ulikuwa kimya. Lilikuwa lori limepita barabarani.

Niliporudi, wifi alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anamtazama.

"Tangu lini unakimbia hivi?"

"Tangu nijifungue, mama."

"Mbona hujaniambia?"

Mkamwana akambadilisha mtoto bega. "Ni mti wa wifi yangu, mama. Ningesema nini?"

Katika miaka yote ile mimi nilimwita Chiriku mwanangu, kaka yangu alimwita binti yake, kijana alimwita mdogo wake. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtoto yule angekuwa wifi wa mtu. Kumbe amekuwa, na wifi yake alikuwa akimheshimu siku zote hizo, huku amembeba mtoto wake akikimbia.

Mama Kijiti akaomba mkono wangu. Tukatoka. Chini ya mvinje, upande ule ulio mbali na paa, ardhi ilikuwa imepasuka, ufa unaoweza kumeza kiganja. Kupiga magoti kulimchukua muda. Akaanza kuchimbua kwa vidole, akikataa jembe, mpaka mkono ukazama nusu.

"Weka mkono hapa, wifi."

Nikaweka. Mzizi mkuu ulikuwa mnene kama paja la mtoto. Ulitoka kwenye shina, ukapanda, ukajikunja kama kiwiko cha mtu aliyejifunika uso, ndipo ukashuka. Mizizi mingine ilikuwa imeuzunguka pale pale na kuukaba, na kwenye kiwiko gome lilikuwa laini, linabonyea, lina maji.

"Unaona," akasema. "Uligeuka. Ulikwenda chini kama ulivyotakiwa, maskini, ukashika ulichoweza kushika." Alikaa na mkono wake ardhini muda mrefu. Machozi yalimtoka bila sauti, yakidondokea udongo uliochimbuliwa, na sikumwambia anyamaze. Hatimaye akasema, "Niinue."

Hakuingia ndani. Alisimama kwa kuegemea ukuta wa kile chumba, akamwita mkamwana. Naye akatoka na mtoto mgongoni, mikono ameikunja kama mtu anayengoja kukaripiwa kwa ajili ya shati.

"Mwanangu, kazi hii nakupa wewe," akasema Mama Kijiti. "Mumeo atashika msumeno, lakini wa kusema kata ni wewe. Yeye ataanza kumkumbuka mdogo wake katikati, atalegea. Kwanza mwondoe mtoto, apelekwe mbali. Kisha wapunguze matawi ya upande wa paa. Kamba waifunge juu, juu kabisa, waivute kuelekea barabarani. Nguzo zisiondolewe mpaka kamba imekaza. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ukianguka, wasiache kisiki. Wachimbe, wautoe wote, na lile shimo walishindilie, mtoto asije akatumbukia akianza kutambaa."

"Na wewe mama, utakuwa wapi?"

"Nitakuwa kwa wifi yangu huyu, ng'ambo ya barabara, amefunga dirisha na ananipigia kelele za umbea." Akanyoosha mkono, akapangusa udongo wa vidole vyake kwenye khanga yake, ndipo akagusa mguu wa mtoto uliokuwa ukining'inia. "Fanya kesho, kabla sijageuza maneno. Na ukimaliza usije kuniambia umemaliza. Chemsha chai tu, umtume mtu aniite."